Fundi Jicho, visanduku viwili na mashuka ya mama mkwe

Saa tatu kasoro dakika tano asubuhi, Fundi Jicho amelala kifudifudi juu ya paa la kliniki ya wazazi. Shavu lake limegusa zege, jicho la kushoto amelifumba, la kulia amelikodoa. Ukimwona kwa mbali utadhani ameanguka. Ukisogea utamsikia anaongea, na hapo utajua ni mzima, maana maiti hailalamiki.

"Leo sitaki maneno na wewe," anakiambia kisanduku cheupe kilichofungwa kwenye nguzo ya chuma ukingoni mwa paa. "Juzi umenitia aibu. Jana umenitia aibu. Leo ni Jumanne, nihurumie."

Kisanduku chenyewe ni kidogo, kama kipande cha sabuni ya kufulia. Mita mia tatu na arobaini kutoka hapo, ng'ambo ya barabara kuu, juu ya paa la hospitali kubwa, kuna kingine kama hicho. Kazi ya visanduku hivi viwili ni kutazamana na kupitishiana picha za wajawazito. Havichoti maji, havilei mtoto. Ni kutazamana tu, na hata hiyo imevishinda.

Simu iliyo mkononi mwa fundi inalia ti, ti, ti. Mlio ukienda mbio, visanduku vinasikilizana. Ukizubaa, vimeanza kununiana. Namba kwenye kioo, inayopima nguvu ya mawimbi, inasema thelathini na moja. Halafu ishirini na saba. Halafu ishirini na mbili. Mlio unapungua kama matone ya bomba lililofungwa, na saa tatu na dakika nne unakata kabisa.

Mlango wa paa unafunguka. Anatokea dada wa picha, mtaalamu anayewapima wajawazito kwa mashine ya ultrasaundi chumba cha chini, mkono mmoja una glovu.

"Fundi, imeondoka."

"Najua."

"Nina mama kitandani, tumbo wazi, jeli nimeshampaka."

"Najua, dada."

"Sasa kujua kwako kunamsaidia nini yule mama?"

Fundi anainuka, anapangusa magoti, ananyoosha kidole kwenye jengo la ghorofa tatu lililo katikati ya safari ya mawimbi. Juu ya jengo hilo mwanamke mnene aliyefunga kitambaa kichwani anatoa kibanio mdomoni, anabana shuka jeupe kwenye kamba, anachukua jingine.

"Umeona mwenyewe," anasema fundi. "Saa tatu anaanika, saa tatu inakata. Miezi minane. Mimi nifanye nini?"

Angekuwa mtu mwingine, fundi angeshamfuata zamani wakamalizana. Lakini anayeanika ni mama mkwe wake.

Fundi Jicho ana miaka arobaini na mitatu, mke mmoja, watoto watatu na ngazi mbili. Amekuwa juu ya mapaa ya watu kwa miaka kumi na sita. Alianza na antena za televisheni, zile zinazofanana na mifupa ya samaki, akaja kwenye madishi, na sasa yuko kwenye visanduku.

Jina alilipata enzi za madishi. Wenzake walipokuwa bado wanatafuta dira kwenye mikoba, yeye alifumba jicho moja, akasukuma dishi kwa kiganja, akasema washa. Televisheni ikawaka. Watu walilipenda jina hilo na yeye akalipenda zaidi, akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye sanduku lake la vifaa.

Ndani ya kila kisanduku kuna chipu isiyozidi ukucha wa kidole kidogo, nayo ndiyo inayorusha mawimbi. Mawimbi ya redio tuliyoyazoea ni marefu. Yanazunguka kona, yanapenya ukuta, yanaingia vyumbani mwa watu bila hodi. Haya ni mafupi mno: wimbi moja lina milimita tano, urefu wa punje ya mchele. Hayafiki mbali, lakini yanabeba mzigo mkubwa. Picha zote za asubuhi nzima zinavuka barabara kabla hujamaliza kupiga chafya.

"Tatizo lake ni maringo," anasema fundi. "Kona hayapindi. Ukuta hayapiti. Mvua kubwa hayaitaki, jani bichi hayalitaki. Kitambaa kikavu yanapita, kitambaa kilicholowa yanagoma. Ni kama bwana harusi mwenye suti nyeupe, kila kitu kinamchafua."

Hospitali haikuyapenda kwa urembo. Zamani kulikuwa na kebo ya mkongo chini ya barabara. Wachimba mabomba ya maji waliikata, wakaomba radhi. Wakaikata tena, wakaomba radhi tena. Walipoikata mara ya tatu bila hata kuomba radhi, hospitali iliamua kupitisha picha zake hewani, ambako bado hakuna anayechimba.

Visanduku vikigoma, picha zinasafiri kwa miguu. Mhudumu anatia flashi mfukoni, anashuka, anavuka barabara, anasubiri lifti, anamtafuta daktari wa kusoma picha, anarudi na jibu. Ni dakika arobaini kama hakukutana na mtu anayemfahamu, na yule mhudumu anafahamiana na watu wengi. Wiki iliyopita mjamzito mmoja alikaa kwenye benchi saa mbili na nusu, kwa kuwa flashi ilifika daktari akiwa amekwenda kunywa chai, na chai haina muda maalumu.

Ndiyo maana siku hiyo ya Jumanne fundi alikuwa na barua kwenye mfuko wa shati. Ilitoka kwa msimamizi wa vifaa wa hospitali, bwana mpole anayetisha kwa upole wake. Ilikuwa na mistari minne. Ijumaa atakuja mwenyewe. Mawasiliano yakikatika hata mara moja kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, visanduku vishushwe, na matunzo ya jozi zote kumi na moja za hospitali apewe fundi mwingine.

"Jozi sita zinalipa kodi ya nyumba," anasema Fundi Jicho. "Nne zinasomesha watoto. Ya kumi na moja ndiyo tunayokula." Anakigonga kisanduku kwa kidole. "Na ndiyo hii."

Ng'ambo, kwenye paa la ghorofa tatu, mama mkwe haonekani kuwa na wasiwasi wowote. Ana miaka sitini na minne, ni mjane, na watu wote wa pale wanamwita Mama Shuka. Anafua mashuka sitini kwa siku ya nyumba ya wageni iliyo nyuma ya jengo lake. Ana kamba tano, ndoo nane, na goti moja zima.

"Mimi sina ugomvi na mkwe wangu," anasema akikamua. "Mkwe wangu ana ugomvi na jua. Jua likifika paani naanika. Anataka nianike gizani?"

Kinachomuumiza fundi zaidi ni kwamba nyumba ile alimtafutia yeye mwenyewe. Alimpandisha mpaka juu, akamwonyesha kwa mkono, akamwambia, mama, paa lote hili ni lako. Ulimi hauna mfupa.

Amejaribu njia zote ambazo mkwe mwenye adabu anaweza kuzijaribu. Kwanza alimtuma mke wake, naye alikataa akiwa amekaa. "Niende nikamwambie mama yangu asianike? Baba watoto, mimi nina mama mmoja tu." Kisha alijitolea kwenda kuzifunga kamba upya, akazishusha kidogo kwa siri. Mama mkwe alimshukuru sana, akamwombea dua, na kwa kuwa sasa nafasi ya juu ilikuwa wazi, akafunga hapo kamba ya tano.

Hata siku ya kufunga visanduku, miezi minane nyuma, mashuka yalikuwepo. Fundi alisimama na spana akiyatazama. Aliona aibu kumpigia mama mkwe simu amwambie ashushe mzigo wake. Akainua pua ya kisanduku kidogo, kama mtu anayechungulia juu ya ua wa jirani, ili mawimbi yapite juu ya kamba kwa heshima. Akasogeza mpaka namba ikapanda thelathini na moja. Akasogeza zaidi, ikashuka. Akarudi kwenye thelathini na moja, akakaza nati.

Kulikuwa na karatasi ya mahesabu iliyokuja na visanduku, inayosema umbali gani utoe namba gani. Hakuisoma. "Karatasi ni ya wasioona," alimwambia dada wa picha siku ile, akafumba jicho moja na kushuka ngazi.

Hilo la kuinua pua liwekwe pembeni. Litaitwa baadaye kutoa ushahidi.

Jumatano mchana fundi alivuka barabara, akapanda ghorofa tatu, akamkuta mama mkwe amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wajukuu wangu?"

"Hawajambo."

"Mama yao?"

"Hajambo. Anakusalimu."

"Nimeongea naye asubuhi, hakusema kama utakuja."

"Nimepita tu, mama."

"Ghorofa tatu, umepita tu."

Fundi alizungumzia goti la mama mkwe. Akazungumzia bei ya sabuni. Akaulizia bomba la ngazini kama bado linavuja. Mama Shuka alimjibu yote kwa utulivu, akikamua shuka moja muda wote huo mpaka likabaki kama kamba.

"Baba," alisema mwishoni, "sema ulichokuja nacho. Shuka hili limeshakauka mkononi."

Akasema. Alieleza barua, msimamizi, Ijumaa na jozi kumi na moja.

"Kwa hiyo mashuka yangu yanawazibia wajawazito."

"Si yote, mama. Ya kamba ya nne na ya tano."

"Ya kamba ya kwanza hayana kosa."

"Hayana, mama."

"Yatafurahi kusikia." Aliweka shuka kwenye ndoo. "Kesho sianiki hata moja. Nitafua, nitayaweka ndani. Mwenye nyumba ya wageni nitaongea naye mimi. Lakini isipotulia, baba, utakuja hapa na mke wako, utasimama hapo ulipo, na utanieleza ilikuwa ni nini. Usiniambie njiwa."

Fundi aliteremka ngazi akiwa mwepesi. Usiku huo, mke wake anasema, alikula mara mbili.

Alhamisi asubuhi kamba tano zilikuwa tupu. Vyumbani kwa Mama Shuka mashuka sitini yaliyolowa yalikuwa juu ya viti, juu ya milango, juu ya kitanda na juu ya televisheni, na mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameshapiga simu mara tatu kuuliza wageni walalie nini.

Saa tatu kasorobo fundi alikuwa paani kwa kliniki, amesimama wima safari hii, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kukabidhiwa cheti. Dada wa picha alikuwa pembeni yake.

Thelathini na moja. Thelathini na moja. Jua lilipanda taratibu nyuma ya tenki la maji, likatokeza, likaipiga nguzo. Thelathini. Ishirini na sita.

"Fundi," alisema dada wa picha.

"Naona."

Ishirini na mbili. Mlio ukakata.

Fundi alitazama ng'ambo. Hakukuwa na shuka, hakukuwa na soksi, hakukuwa na kitu. Juu ya paa lile alisimama mama mkwe peke yake, mikono ameinyoosha juu, viganja wazi, kama mtu anayepekuliwa na askari. Simu ya fundi ikaita.

"Baba, unaniona?"

"Nakuona, mama."

"Mikono mitupu?"

"Mitupu, mama."

"Basi tafuta anayeziba. Nisije nikawa nimejianika mwenyewe na sijui." Akakata.

Kilichofuata dada wa picha anakisimulia kwa furaha ambayo haifai kwa mtu wa afya. Fundi alilaumu njiwa. Akalaumu tenki. Akalaumu malori ya barabarani, ambayo yako chini mita kumi na mbili. Akamlaumu aliyevitengeneza visanduku, na mama yake huyo aliyevitengeneza, ila kwa adabu.

"Wote umewamaliza," dada wa picha alimwambia. "Wewe mwenyewe umejihesabu?"

"Dada, mimi nina miaka kumi na sita juu ya mapaa."

"Sikukuuliza umri."

Hapo ndipo uvumilivu ulipomwisha. Kama vitashushwa Ijumaa, alisema, basi atavishusha yeye mwenyewe leo, kwa mkono wake, asije akashushiwa na mtu. Akatia simu mfukoni, akashika spana, akaikamata nati aliyoikaza miezi minane nyuma. Ilikataa. Akaielemea kwa uzito wake wote. Ilikubali ghafla, na kisanduku, kikiwa hakina tena kinachokishika, kikainamisha pua kwa uzito wake.

Mfukoni simu ilipiga kelele.

Haikulia ti, ti, ti. Ililia mfululizo, kama kuku aliyeona kicheche, kwa muda wa kupepesa jicho, kisha ikanyamaza kisanduku kilipozidi kuinama.

Fundi alibaki na spana hewani.

"Hiyo nini?" aliuliza dada wa picha.

"Sijui."

"Kirudishe."

Alikiinua kwa ncha ya kidole, polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. Kimya. Kimya. Halafu kelele. Akasimamisha kidole. Dada wa picha alimtoa simu mfukoni, maana yeye hakuthubutu kupumua, akamsomea namba. Hamsini na saba.

"Soma tena."

"Hamsini na saba, fundi. Na mimi najua kusoma."

Miaka kumi na sita, na hakuwahi kukitilia shaka kidole chake. Akakaa chini, papo hapo juu ya zege, na kwa mara ya kwanza katika miezi minane hakuwa na wa kumlaumu.

Anaeleza mwenyewe sasa, bila kuzunguka. Ukiwasha tochi ukutani utaona duara kali la katikati, na pembeni yake vipete hafifu vya mwanga. Kisanduku nacho kiko hivyo. Kina mshale mmoja mkali, na pembeni vijishale vinyonge. Ukikielekeza vibaya unaweza kukamata kijishale. Namba itapanda, kisha ukisogeza itashuka, na wewe utaapa kwamba umefika kileleni.

"Nilipanda kichuguu," anasema. "Nikakaa juu yake miezi minane nikilalamika kwamba mlima ni mfupi."

Na pua ile, iliyoinuliwa kwa ajili ya heshima ya mama mkwe, ndiyo iliyompeleka kwenye kichuguu. Mawimbi hayachungulii juu ya ua. Njia kati ya visanduku ni ile ile iliyonyooka, uinue pua usiinue, na tena ilikuwa inapita mita moja na zaidi juu ya kamba ya tano. Kuinua kulipunguza nguvu tu.

Kuhusu saa tatu, jibu lilikuwa juani. Saa tatu ndipo jua linapotoka nyuma ya tenki na kuipiga nguzo ya chuma upande mmoja. Chuma kikipata moto kinatanuka, nguzo inajipinda kidogo, unene wa unywele. Mshale mkali hausikii unywele. Kijishale kinyonge kinateleza na kuanguka. Na ni jua hilo hilo, kwa saa hiyo hiyo, analolisubiri Mama Shuka paani kwake ili aanike. Alisema kweli Jumanne ile akikamua, ingawa alikuwa anatania.

Fundi alikaza nati, kisha akakumbuka karatasi. Alikwenda nyumbani mbiombio. Mke wake alimkuta jikoni amemwaga vijiko vyote mezani.

"Leo tunakula kwa mikono?"

"Ile karatasi ya visanduku."

"Si hiyo uliyoishika? Nimeitandika kwenye droo tangu ulipoitupa. Angalia, ina doa la mafuta."

Doa lilikuwa pembeni. Mstari wa mita mia tatu na arobaini ulikuwa msafi kabisa: hamsini na tano mpaka sitini. Fundi aliusoma mara tatu.

"Leo umetumia macho mawili," alisema mke wake, akaanza kurudisha vijiko. "Na mama yangu umeshamwambia?"

Hakuwa amemwambia. Alimpigia simu jioni, akasema neno moja tu, aanike. Mama Shuka hakuuliza kwa nini. Alisema, "Haya, baba," kwa sauti ambayo fundi anasema ilimnyima usingizi kuliko barua.

Ijumaa kulikuwa na upepo. Msimamizi wa vifaa alifika paani saa tatu kasoro dakika kumi, shati limenyooka, kalamu mfukoni, akasalimia kila mtu kwa heshima. Kisha akatazama ng'ambo na kukunja uso.

Kamba zote tano zilikuwa zimejaa. Mama Shuka alikuwa na mashuka ya siku mbili, mia na ishirini, na aliyapanga yote, mengine mawili mawili, yanavimba kwa upepo kama paa zima linataka kuruka.

"Fundi," alisema msimamizi, "barua zako tatu kwangu zinasema tatizo ni mashuka."

"Zinasema hivyo, bwana."

"Leo ni mengi kuliko siku zote."

Dada wa picha anasema hapo ndipo alipomwangalia fundi usoni kuona atapitia mlango gani. Milango ilikuwepo. Angeweza kusema mashuka ya leo ni mepesi, au kwamba ameongeza nguvu ya mtambo. Nani angejua?

"Nilisema uongo bila kujua," alisema Fundi Jicho. "Mashuka hayana kosa. Nilikifunga vibaya mimi. Nimekirekebisha jana."

Msimamizi alivuta kiti cha plastiki hadi kwenye kivuli cha tenki, akakaa, akatazama simu ya fundi iliyowekwa juu ya tofali mbele yake.

Hamsini na saba. Jua likatokeza, likaipiga nguzo. Hamsini na sita. Hamsini na tano. Fundi alikuwa amefumba macho yote mawili. Hamsini na tano. Pembe ya shuka moja la kamba ya tano ilinyanyuka na upepo mpaka juu kabisa. Hamsini na moja. Shuka likashuka. Hamsini na tano.

Chini, mjamzito wa kwanza alipimwa, picha yake ikavuka, na jibu likarudi kabla hajamaliza kufunga vifungo. Alikataa kuondoka. Alidhani wamemruka kwenye foleni.

Saa sita kamili adhuhuri msimamizi alisimama, akanyoosha mgongo. Nakala yake ya barua hakuichana, kwa sababu yeye si mtu wa kuchana vitu. Aliikunja, akairudisha kwenye faili. Fundi alianza kushusha pumzi, na akiwa katikati ya kuishusha akasikia swali.

"Zile jozi nyingine kumi, fundi, ulizifunga kwa njia gani?"

Dada wa picha aliangalia viatu vyake.

"Kwa jicho," alisema fundi.

Amepewa wiki mbili kuzipitia zote, moja baada ya nyingine, na kuandika namba ya kila moja pembeni ya namba ya karatasi. Akimaliza na zikawa sawa, matunzo yanabaki kwake. Zisipokuwa sawa, msimamizi alisema kwa upole ule ule, wataongea.

Jumamosi, kama alivyoagizwa, alipanda ghorofa tatu na mke wake nyuma. Alisimama pale pale alipoambiwa asimame. Alieleza tochi, vijishale, kichuguu, nguzo na jua. Hakumtaja njiwa. Mama Shuka alikuwa anakunja mashuka makavu na binti yake akamshikia pembe, wakawa wanasogeleana na kuachana huku fundi anaungama katikati yao.

"Kwa hiyo siku ile ya kwanza," alisema Mama Shuka, "uliona haya kuniambia nishushe mashuka."

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia ningeshusha. Ingenichukua dakika tano."

"Ndiyo, mama."

"Dakika tano, baba. Na mimi nimebeba lawama miezi minane na goti moja."

Mke wake alicheka mpaka shuka likamponyoka. Fundi naye, anasema, angecheka kama jambo hili lingemtokea mwenzake.

Sasa karatasi imetolewa kwenye droo, imetiwa kwenye mfuko wa nailoni, inakaa juu kabisa ya vifaa vyake. Jina jekundu kwenye sanduku bado lipo, kwa kuwa rangi haifutiki kirahisi, lakini anasema ana mpango wa kuongeza jicho la pili pembeni yake. Anataka akimaliza jozi zote kumi apite ile barabara siku moja na watoto wake, asiangalie juu, na asipigiwe simu na mtu yeyote.

Jumatatu anaanza na jozi ngumu kuliko zote. Inapita juu ya paa la mzee mmoja mstaafu asiyemfahamu, mwenye kamba tatu za nguo na sauti kubwa, na itabidi zishuke kwa nusu saa wakati anapima. Maneno ameyaandaa. Jumamosi ile ile aliyafanyia mazoezi mbele ya mama mkwe, amesimama na sanduku mkononi.

"Mzee, kuna mawimbi ya milimita tano yanayopita juu ya paa lako," alianza.

Mama Shuka alitoa kibanio mdomoni.

"Rudi mlangoni, baba. Uanze na shikamoo."